Koma ya Nduguye Karisa

Chai ilikuwa imeota utando, na Tusekile bado hajaigusa. Alikuwa ameketi kwenye benchi la kibanda cha Bi Hadiya pale Gongoni, begi lake kubwa la mgongoni likiwa kando yake kama mgonjwa aliyeegemezwa ukutani. Mbele yake malori ya chumvi yalipita yakimwaga vumbi jeupe barabarani.

"Chai yangu imekukosea nini, mwanangu?" Bi Hadiya aliuliza huku akigeuza mahamri kwenye mafuta.

"Haijanikosea, mama. Nawaza tu."

"Waza huku wanywa. Chai ikipoa haimsaidii mtu kuwaza."

Tusekile alitabasamu kwa adabu, akainua kikombe, akakirudisha mezani. Barabara ile ilikuwa na pande mbili tu. Kaskazini ilikwenda Garsen na hatimaye Lamu, mahali alipojiapiza kufika. Kusini ilirudi Malindi, Kilifi, Mombasa, mpaka mpakani Lunga Lunga alikoingilia. Alikuwa katikati ya safari yake, na asubuhi hiyo hakuwa na sababu hata moja ya kwenda mbele wala uso wa kurudi nyuma.

Alitoka Tukuyu, kwenye milima ya chai na migomba, nchi ya Tanzania. Alisomea maendeleo ya jamii chuoni Dodoma na kufaulu vizuri, kisha akakaa nyumbani akisubiri kazi mpaka majirani wakaacha kumuuliza. Ndipo lilipomjia wazo la kutembea pwani ya Kenya peke yake, na begi na hema, akilala kwa watu, akisikiliza maisha yao. Aliamini kwa dhati kwamba mtu akienda kwa wenzake mikono mitupu na moyo safi, dunia humfungulia mlango. Baba yake, mzee Mwaisaka, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema hajamsomesha binti ili akawe mzururaji wa kulala vibarazani kwa watu. Maneno yakapanda. Tusekile akamwambia hatamwomba kitu tena maisha yake yote. Baba akajibu kwamba hata yeye hatamtafuta. Tangu siku hiyo simu yake ililia mara nyingi, lakini haikuwa baba hata mara moja.

Na dunia ilimfungulia mlango, hilo hakulikana. Watu walimpa maji, walimpa ugali, walimpa mkeka. Lakini kila asubuhi alifungasha hema na kuondoka, na alikotoka hakukubaki mtu wa kumwuliza amefika wapi. Alikuwa mgeni kila mahali. Usiku wa kuamkia jana alilia ndani ya hema bila sababu ya kueleweka, akiziba mdomo kwa kanga asisikike. Hakuugua, hakuibiwa, hakutukanwa. Alichoka tu kuwa mtu asiye wa mtu. Akajiambia kwamba yote aliyoyaamini yalikuwa ya utoto, na kwamba baba alikuwa na haki. Lakini kurudi kwa baba na kumwambia hivyo, afadhali afie njiani.

Pikipiki ilikatiza mawazo yake. Odera, dereva wa bodaboda aliyemleta pale kibandani alfajiri ile, aliizima mbele ya kibanda na kuvua kofia ngumu.

"Bi Hadiya, nipe mahamri mawili ya moto na habari mbaya nikupe bure," alisema.

"Habari mbaya kaa nazo. Mahamri chukua."

"Kwa mzee Karisa kumechafuka. Nimepita hapo sasa hivi, vijana wamejaa uwanjani na marungu." Akamwona Tusekile. "Eh, dada wa Bongo! Si hapo ndipo nilipokubeba asubuhi? Ulitoka wakati mzuri."

Tusekile aliinua uso. Mzee Karisa ndiye aliyempokea jana. Alimkuta jioni akishuka mnazini na kibuyu chake, mgema mkongwe, nywele nyeupe pepepe. Alimcheka kwa begi lake: "Umebeba nyumba kama konokono, binti. Mume utambeba wapi?" Akamwambia alale ndani, kwenye chumba cha binti yake Nelly aliyeolewa Junju. Tusekile akakataa kwa kuwa hakutaka kumsumbua. Akapiga hema lake uani, giza likianza kuingia, mzee akiwa amekwisha kuingia ndani.

"Kumechafukaje?" aliuliza.

"Wameamka wakakuta koma ya baba yake Hesbon imevunjwa," Odera alisema. "Imekatwa katikati, halafu imechomekwa tena kwenye mchanga upandeupande, kama mzaha. Wanasema ni Karisa. Wanasema mchawi sasa ameacha kujificha."

"Koma ni nini?"

Odera na Bi Hadiya walitazamana. Bi Hadiya aliweka mwiko chini. Yeye alikuwa Mbajuni wa visiwa vya kaskazini, Mwislamu, na mambo hayo hayakuwa ya kwao, lakini alikuwa ameishi na Wagiriama miaka mingi.

"Mtu mzima akifa kwa hawa wenzetu," alisema, "huchongewa mti mdogo, ukasimikwa uani, ukafungwa vitambaa. Basi marehemu ndiye yule. Humwagiwa mnazi, ile pombe ya kugema, huambiwa habari za nyumbani. Mwenyewe ukiuona utadhani kigingi tu cha kufungia mbuzi."

Tusekile hakusikia maneno yaliyofuata. Jana jioni kamba moja ya hema haikupata pa kushika, mchanga ulikuwa laini. Palikuwa na kijiti karibu, kifupi, kimefungwa kitambaa kilichopauka. Kigingi cha mbuzi, aliwaza. Akakizungushia kamba na kuivuta kwa nguvu. Usiku upepo ulipiga. Alfajiri alikikuta kimeng'oka, na alipokishika kikavunjika mkononi, maana kilikuwa kimeliwa na mchwa. Aliona haya kidogo kuharibu kitu cha mwenyeji. Akakichomeka kilivyochomekeka, akafungasha, akaondoka kimya ili asimwamshe mzee.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?" Odera aliuliza, hamri mdomoni.

"Niliyekivunja ni mimi. Nilifunga kamba ya hema."

Odera aliacha kutafuna. "Dada, sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Hili jambo si la jana. Mwaka uliopita mdogo wake Hesbon alilala mzima, asubuhi maiti. Juzi mke wa Hesbon mimba imeharibika. Watu walikuwa wanatafuta kisababu tu. Hiyo koma ni ya kaka mkubwa wa Karisa, waliishi uwanja mmoja. Wewe panda gari uende Lamu. Ukirudi pale, watakugeukia."

"Watamfanya nini mzee?"

Bi Hadiya ndiye aliyejibu, bila kumtazama. "Mwaka juzi, upande wa bara huko, walimchoma mzee ndani ya nyumba yake. Nywele zake nyeupe ndizo zilizokuwa ushahidi."

Tusekile alisimama. Begi aliliacha pale pale. "Kaka Odera, naomba unirudishe."

"Nyinyi Wabongo na naomba yenu," Odera alisema akivaa kofia, lakini hakuwa akicheka. "Mtu anaomba mpaka kifo. Panda."

*

Uwanja wa Karisa ulikuwa kando ya njia ya vumbi inayoelekea kwenye mabwawa ya chumvi. Pale Tusekile alipopiga hema jana walisimama vijana kiasi cha kumi na watano, na mzee alikuwa ameketi chini katikati yao, shati limechanwa begani. Hakuwa akilia wala kubishana. Alikuwa akichezea mchanga kwa kidole. Mbele yake ililala koma, vipande viwili juu ya jani la mgomba.

Aliyesimama karibu naye zaidi alikuwa Hesbon, mtoto wa marehemu, mwanamume wa makamo mwenye mikono iliyopasukapasuka kwa kazi ya chumvi. Macho yake yalikuwa mekundu. Mkewe Zipporah alikaa mlangoni, kanga imemfunika kichwa, mnyonge kama mtu aliyetoka wodini jana.

Mwanamume mmoja mzee aliyevaa koti juu ya shuka alikuwa akiwatuliza vijana kwa mkono. Odera alimnong'oneza Tusekile kwamba yule ni Gerishom, mzee wa mtaa.

"Shikamooni," Tusekile alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Mzee Karisa hajafanya kitu. Mimi ndiye niliyevunja."

Walimgeukia wote. Alieleza kamba, upepo, mchwa. Aliwaonyesha matundu ya vigingi vya hema mchangani, moja baada ya jingine, na pale ambapo tundu lilikosekana na koma ndiyo ilikuwapo. Alipomaliza, aliona kwamba nyuso hazijabadilika.

"Matundu yanaonyesha ulilala hapa," Hesbon alisema. "Hayaonyeshi ni nani aliyekuambia ufunge hapo."

"Hakuna aliyeniambia! Mzee alikuwa ndani."

"Nyumba ina vyumba vitupu. Mgeni, mwanamke, alazwe nje, juu ya kichwa cha baba yangu? Ni nani anayefanya hivyo?"

"Nilikataa mwenyewe kulala ndani. Sikutaka kumsumbua."

Kijana mmoja alicheka. "Sikiza huyo! Ameenda, amefika Gongoni, amerudi. Nani hurudi kwenye kosa lake mwenyewe? Amerudishwa! Mzee amemvuta kwa dawa!"

Kelele zikapanda. Mtu mmoja alisukuma mwingine, rungu likainuliwa, na Tusekile akajikuta amepiga magoti mbele ya Karisa bila kujua amefikaje. Mzee alimwangalia kwa upole.

"Konokono," alisema polepole, "umerudia nini hapa?"

"Nisamehe, babu."

"Kwa mti? Mti huchongwa mwingine. Nenda zako, mwanangu. Hawa hawatafuti mti."

Gerishom alipiga makofi mara mbili, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima, vijana walishusha sauti ingawa hawakusogea.

"Hesbon," alisema, "mtu akikiri, kuna njia yake. Avunjaye koma hutoa mbuzi na mnazi, akasimama mbele ya marehemu akasema kosa lake. Tunaijua njia hiyo. Hatukuizua leo."

"Atoe nani? Huyu?" Hesbon alimwelekezea Tusekile kidole. "Ana mlango gani? Faini haitoki kwa mtu asiye na mlango. Baba atamjuaje? Atasema ameombwa radhi na nani, na upepo?"

Gerishom alimgeukia Tusekile. "Ni kweli hiyo, binti. Mlango ni ukoo, ni wenyewe wako. Mtu hasimami peke yake mbele ya koma. Una baba?"

Swali lilikuwa jepesi kuliko yote aliyoulizwa tangu avuke mpaka, na lilimshinda. Aliwaza kusema amekufa. Aliwaza kusema yuko mbali, hana simu, hasikii. Kisha aliona damu kidogo begani kwa Karisa, pale shati lilipochanwa, na nzi akitua juu yake, na mzee hamfukuzi.

"Ninaye," alisema.

"Mpigie."

Alikosea kubonyeza namba mara mbili. Gerishom aliichukua simu, akaiweka sauti kubwa na kuishika juu ya kiganja chake kama sahani. Ililia. Ililia mno. Tusekile alijua baba anaiona namba ya Kenya, ambayo hakuwahi kuihifadhi, na kuikunjia uso.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Baba, shikamoo. Ni mimi."

Kwa mbali jogoo aliwika, jogoo wa Tukuyu.

"Mimi nani?"

"Tusekile."

"Ahaa. Marahaba. Uko hospitali?"

"Hapana, baba."

"Polisi?"

"Hapana. Nimeharibu kitu cha watu, na kuna mzee ataumizwa kwa ajili yangu." Alijaribu kueleza, lakini maneno yakatoka vipande vipande. Gerishom alimsaidia.

"Mzee mwenzangu, naitwa Gerishom, niko Gongoni, Kenya. Habari za huko?"

"Nzuri, ndugu yangu. Za huko naona si nzuri."

"Si nzuri. Binti yako amevunja koma." Akaeleza kwamba anayetuhumiwa ni ndugu wa marehemu, kisha koma ni nini.

"Ni kama kaburi?"

"Kaburi liko kwingine. Koma ni mwenyewe."

"Kwa hiyo binti yangu amemvunja mtu."

"Ndivyo."

"Aliitwa nani huyo marehemu?"

Gerishom alimtazama Hesbon. Hesbon alisita, kisha akasema, "Mwaro."

"Mwaro," sauti ya baba ilirudia. "Je, ananisikia nikisema hapa?"

Hakuna aliyetarajia swali hilo. Gerishom aliinama polepole, akaishusha simu mpaka karibu na vile vipande viwili juu ya jani. "Sema," alisema.

"Mwaro, mimi ni Mwaisaka, nalima chai huku Tukuyu, Rungwe. Hunijui. Huyo aliyekuvunja ni mwanangu wa pili. Si mtundu. Tangu mdogo anaogopa kusumbua watu, hata akiumwa hasemi. Alipotoka hapa nilimfukuza kwa maneno, nikamwambia mambo ambayo baba hasemi. Angekuwa na baba wa kumpigia jioni, ningemwuliza unalala wapi, ningemwambia lala ndani kwa mwenyeji, acha ujinga wa hema. Sikumpigia. Kwa hiyo kosa hilo ni la kwangu, Mwaro. Mbuzi nitatoa, na wakisema ng'ombe nitatoa. Ila huyo mzee mwacheni. Nakusihi, kama mlikuwa ndugu."

Kijana mmoja alitazama pembeni. Tusekile alikuwa ameinamisha uso mpaka mchangani, na hakujua analia kwa lipi.

Gerishom alijiinua kwa shida. "Mmesikia," alisema. "Mzazi hajiaibishi mbele ya wageni kwa kosa la kubuni. Huyu ana mlango. Au, Hesbon, na yeye amelogwa huko Tanzania?"

Watu wawili watatu walicheka kicheko cha kushusha pumzi. Hesbon hakucheka, lakini alitikisa kichwa kukubali. "Nimemwamini," alisema. "Mbuzi atafuata. Mnazi ni leo."

*

Mnazi uliokuwapo asubuhi ile ulikuwa mmoja, na ulikuwa wa Karisa mwenyewe. Kibuyu alichoshuka nacho jana kilikuwa bado kimening'inia barazani, maana kwa miezi sasa wateja wake walikuwa wamehamia kwa mgema mwingine. Zipporah alikileta pamoja na kata, akakiweka mbele ya wazee. Alipopita karibu na Karisa aliinama, akamfukuza yule nzi begani kwa ncha ya kanga yake.

Gerishom alimwambia Tusekile ataje jina lake na la baba yake. Akayataja. Akaambiwa amimine kidogo juu ya vipande vya koma. Akamimina. Povu lilienea juu ya mti mkavu na kuzama.

"Sasa wenyewe," Gerishom alisema. "Karisa, kunywa, mpe mwanao."

Odera alimnong'oneza Tusekile desturi yenyewe. Kwao mtoaji huonja kwanza, ili anayepewa ajue hamna sumu wala dawa ndani. Kisha mpokeaji hudondosha matone mawili chini kwa ajili ya waliotangulia, na kilichobaki hukinywa. Hapo neno huwa limekwisha.

Karisa alijaza kata. Alikunywa funda moja, akameza, akafungua mdomo kidogo watu waone. Kisha akampa Hesbon kwa mikono miwili.

Hesbon aliipokea. Aliikaribisha mdomoni, na Tusekile akajikuta anaomba kwa nguvu zote za moyo wake. Kunywa, kaka. Tafadhali kunywa. Hesbon alimtazama mkewe pale mlangoni. Alitazama kata. Akaishusha, akamimina matone mawili mchangani. Kisha akaendelea kumimina, polepole, mpaka kata ikawa tupu.

"Yote nimempa baba," alisema.

Hakuna aliyemkemea. Vijana walianza kutawanyika kwa sababu jambo lilikuwa limekwisha, au lilionekana kama limekwisha. Karisa alikuwa bado akitazama pale mchangani penye unyevu.

"Haya," alisema. Akainuka kwa kushika goti. "Zipporah, mwanangu, nifungie shuka langu na lile shati jingine."

"Unakwenda wapi, baba mdogo?" Zipporah aliuliza.

"Junju. Kwa Nelly."

Tusekile alimfuata mpaka mlangoni. "Babu, lakini wamekubali! Umesikia mwenyewe. Faini imepokewa."

"Ya kwako imepokewa." Alisema bila hasira, akitafuta viatu vyake kwa mguu. "Baba yako hawajamwona hata uso. Sauti tu, ndani ya simu, na wamemwamini. Huyu Hesbon nilimbeba mgongoni mpaka hospitali ya Malindi alipoumwa na nyoka, njia nzima ananitapikia shingoni. Leo umeona alivyoumwaga. Wiki ijayo kuku atakufa, na hutakuwapo wewe na baba yako."

Tusekile alitafuta neno. Alikuwa amesoma miaka mitatu namna ya kupatanisha jamii, na halikupatikana hata moja. Gerishom alikuwa amemrudishia simu, na baba bado yuko hewani; sauti yake ndogo iliita, "Tuse? Wamemwacha?"

"Wamemwacha, baba. Ila anahama."

"Msindikize," mzee Mwaisaka alisema. "Usimwache njiani. Mkifika nipigie, saa yoyote."

Odera alikuwa ameiwasha pikipiki njiani. Kutoka uani mpaka pale palikuwa na mwendo wa kupita kituo cha bodaboda, na pale kituoni vijana wale wale walikuwa wamejikusanya upya, pamoja na wengine ambao hawakuisikia simu. Mmoja alikuwa na jiwe. Karisa aliwaona, akasimama, furushi mkononi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Tusekile aliiona hofu usoni mwake, na alishangaa jinsi ilivyomfanya aonekane mtoto.

Ndipo Hesbon alipowapita. Alitoka nyuma yao bila kusema kitu, akaenda mbele, hatua chache tu mbele ya mzee, na kuanza kutembea. Wakamfuata. Alipofika mbele ya vijana alisimama kati yao na pikipiki, mikono imeshuka.

"Anakwenda kumsalimia binti yake," alisema. "Huyu ni baba yangu mdogo. Mwenye neno na aniambie mimi."

Jiwe lilidondoka chini. Odera alimsaidia mzee kupanda, Tusekile akakaa nyuma na kumzunguka kwa mikono ili asianguke. Hesbon hakumuaga Karisa, wala Karisa hakumgeukia. Lakini pikipiki ilipoondoka, Tusekile alimwona Hesbon bado amesimama pale pale katikati ya vumbi, mgongo kwa vijana.

Walichukua begi kwa Bi Hadiya, Odera akalifunga mbele yake juu ya tangi, na wakashika barabara ya kusini kuelekea Malindi ambako wangepata gari la Junju. Mbavu za mzee zilikuwa nyembamba chini ya shati, na alitetemeka mwili mzima, mtetemo mdogo usiokatika, ambao haukuwa wa pikipiki. Tusekile alimkumbatia kwa nguvu zaidi. Lamu ilibaki nyuma ya mgongo wake na hakuiwaza.

Walikuwa wamekwisha kupita Mambrui mzee alipogeuza shingo.

"Binti," alisema, akishindana na upepo. "Pale kituoni. Injini ilikuwa inanguruma. Hesbon alisema nini?"

"Alisema wewe ni baba yake mdogo."

Daraja la Sabaki lilipoonekana, Karisa aligeuka tena.

"Alisema kwa sauti?"

"Kwa sauti, babu," Tusekile alisema sikioni mwake. "Wote wamesikia."